Kodi ya kampuni Pennsylvania: mwenye duka adai nini hasa

Mwenye duka la samani mjini Lancaster, Pennsylvania, hana pa kuipeleka faida yake. Kampuni yake ikipata dola 100,000 mwaka 2025, jimbo linachukua asilimia 7.99, yaani dola 7,990, basi. Mshindani wake mwenye maduka nchi nzima ana njia nyingine, na ndiyo sababu wapo wafanyabiashara wanaoidai serikali ya jimbo ikaze kodi za kampuni. Wengi huwashangaa. Mimi nashangaa zaidi kwamba si wengi zaidi.

Mbinu yenyewe ni kongwe. Kampuni kubwa inasajili kampuni tanzu, yaani kampuni inayoimiliki yenyewe, huko Delaware, jimbo jirani, na kuihamishia nembo na jina la biashara. Delaware haiitozi kodi ya mapato kampuni ambayo kazi yake ni kumiliki na kusimamia mali za aina hiyo tu. Kisha maduka ya Pennsylvania yanailipa tanzu hiyo mrabaha, kwa kutumia jina lao wenyewe. Tuseme, kwa kiwango cha 2025 na kama hakuna kizuizi, maduka hayo yana faida ya dola 1,000,000 na mrabaha, unaohesabiwa kama gharama, ni dola 600,000. Zinabaki 400,000, kodi yake ni dola 31,960 badala ya 79,900. Kwa kila dola 100 ya faida, mkubwa kalipa kama 3.20, mdogo kalipa 7.99. Halafu tanzu inaweza kuyakopesha maduka pesa zilezile, na riba nayo ikaondolewa kwenye faida kama gharama.

South Carolina iliipiga vita mbinu hii mahakamani, na mwaka 1993 ikashinda kesi dhidi ya Geoffrey, tanzu iliyoshikilia nembo za maduka ya vichezeo ya Toys "R" Us. Pennsylvania ilichelewa. Ni kuanzia mwaka wa kodi wa 2015 tu ndipo mrabaha unaolipwa kwa kampuni ndugu, yaani ya kundi lilelile, pamoja na riba inayohusiana nao, ulianza kurudishwa kwenye faida inayotozwa kodi, na hata hapo kuna misamaha.

Lakini hicho ni kiraka. Ukiziba mrabaha, mtu anaunda tanzu ya ununuzi inayonunua makochi kwa dola 300 na kuliuzia duka kwa 420. Hiyo ni gharama ya bidhaa, si mrabaha, kwa hiyo kiraka hakiigusi. Mkaguzi lazima athibitishe kwamba bei si ya haki, kochi kwa kochi. Waliowahi kufuatilia kesi za bei za kuuziana kati ya kampuni ndugu, iwe Nairobi au Dar es Salaam, wanajua kazi hiyo inavyokula miaka.

Dawa ni ripoti ya pamoja. Leo Pennsylvania inaitazama kila kampuni peke yake. Chini ya ripoti ya pamoja, kampuni zote zinazoendesha biashara moja zinajumlishwa, malipo ya ndugu kwa ndugu yanafutwa, na faida inagawanywa kwa kanuni. Pennsylvania hutumia kigezo kimoja tu, mauzo. Kundi lenye faida ya dola milioni 50 na mauzo ya milioni 400, ambayo milioni 40 kati yake yamefanyika Pennsylvania, linatozwa kodi kwenye asilimia 10 tu ya faida yake: milioni 5, na kodi kwa kiwango cha 2025 ni dola 399,500. Nembo ikae Delaware au mwezini, jibu ni lilelile. Majimbo zaidi ya nusu yanafanya hivyo. New Jersey, mlango wa pili, ilianza 2019.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni wamiliki kuridhika na kiwango kupunguzwa. Sheria ya 2022 inakishusha kutoka asilimia 9.99 hadi 4.99 ifikapo 2031. Ila biashara ndogo nyingi hazilipi kodi hiyo kabisa: faida yake inapita moja kwa moja hadi kwenye kodi ya mwenyewe, asilimia 3.07. Kwa mmiliki wa aina hiyo, kiwango kushuka hakumpunguzii chochote, na mianya ya wakubwa inabaki palepale.

Muswada wa ripoti ya pamoja ukija, msisome kichwa chake tu. Angalieni kama unahesabu mauzo ya kila kampuni ya kundi ndani ya jimbo, hata ile inayodai haina uwepo humo. Angalieni bidhaa zinazotoka kiwandani Pennsylvania kwenda jimbo ambalo haliruhusiwi kutoza: sheria ya shirikisho ya 1959 inamkinga muuzaji anayetafuta oda tu, na kwa kuwa Pennsylvania haiyahesabu mauzo hayo kuwa ya kwake, faida yake haitozwi na yeyote. Angalieni pia mpaka. Kanuni ikiishia Marekani, nembo inahamia Ireland. Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu hesabu ya dunia nzima mwaka 1983 na tena 1994, lakini kisiasa ni ngumu: kwa sheria ya 1986, California ilizipa kampuni hiari ya kujitoa, na bunge la Minnesota liliijadili 2023 likaiacha bila kuipitisha. Na msiahidi kwamba mapato yatapanda kwa kila kundi. Tanzu yenye hasara hupunguza faida ya nduguze, kwa hiyo wengine watalipa pungufu kuliko sasa.

Mkienda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge huko Harrisburg, makao makuu ya jimbo, pelekeni namba zenu: faida, kodi iliyolipwa, wafanyakazi wangapi. Msimtaje mshindani kuwa halipi, maana ritani yake, yaani fomu yake ya kodi, ni siri. Kinachopatikana ni ripoti ya mwaka ya kampuni zilizo kwenye soko la hisa. Zamani maelezo yake ya kodi yalirundika majimbo yote kwenye mstari mmoja. Kanuni mpya za uhasibu, kuanzia ripoti za mwaka 2025, zinataka jimbo litajwe pale kodi iliyolipwa humo inapofika asilimia 5 ya kodi yote ya mapato. Hata jimbo linapotajwa, mtaona dola zilizolipwa bila faida iliyopatikana humo, hivyo msizigawanye kwa faida ya kundi zima mkadai mmepata kiwango chake.