Kuvunjika moyo si sawa na kukata tamaa

Mtu akifeli mtihani, tunasema amekata tamaa. Akiachwa na mchumba, amekata tamaa. Timu yake ikifungwa mabao mawili kabla ya mapumziko, amekata tamaa vilevile. Sisi tunaoshughulika na msamiati wa Kiswahili tunaona msemo huu umebebeshwa mizigo ya wenzake, na inasikitisha, kwa kuwa kila mmoja wa wenzake hao unaeleza hali ambayo mwingine hauielezi.

Tuanze na huo huo. Tamaa ni neno lenye asili ya Kiarabu, na leo wengi hulisikia kwa ubaya tu: tamaa ya mali, tamaa mbele mauti nyuma. Lakini lina maana nyingine, matarajio ya kupata kitu, na ndiyo iliyomo katika kukata tamaa. Anayekata ni mwenyewe. Alikuwa akingoja, sasa hangoji tena. Ndiyo maana mtu anaweza kukata tamaa akiwa mtulivu kabisa, bila chozi hata moja.

Aliyevunjika moyo bado anakitaka kitu kile kile. Kilichomwishia ni nguvu ya kukiendea. Na hapa sarufi yetu inatusaidia sana. Katika "amevunjika moyo", kiambishi -ik- kinaeleza hali tu, hakimtaji mtendaji. Tukisema "amevunjwa moyo", tayari yupo aliyemvunja, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani. Ni hivyo hivyo kwa "amekata tamaa" na "amekatishwa tamaa". Mtoto anayerudi kutoka shuleni na kusema "nimevunjwa moyo" hakuleta habari za huzuni yake pekee, ameleta mashtaka. Mzazi akimjibu "usivunjike moyo, mwanangu", ameyafuta mashtaka hayo kwa kubadilisha kiambishi kimoja. Hafanyi kusudi, anataka kumfariji. Lakini mtoto anabaki na jambo lake mkononi.

(Mgeni wa lugha aangalie: kuvunjika mbavu hakuhusiani na haya. Huko ni kucheka.)

Iko pia misemo inayopima kina. Kuzimia roho, ambako wasomaji wa Biblia wamekuzoea, kunamchora mtu aliyeishiwa nguvu njiani. Na aliyezimia huweza kuzinduka. Kufa moyo ni kuzito zaidi, na mimi nisingependa msemo huo utumike kwa mtu aliyekosa tiketi ya basi.

Mwili nao una maneno yake. Kunywea ni kupungua, kama mtu aliyejikunja ndani ya nguo zake mwenyewe. Kunyong'onyea ni kulegea viungo, mabega yakashuka, sauti ikafifia. Maneno haya mawili yana faida kubwa: humweleza mtu ambaye yeye mwenyewe hajasema lolote. Kusononeka, kwa upande wake, ni uchungu unaokaa ndani kwa muda mrefu, na lina shina moja na sonona, neno ambalo wataalamu wa afya nchini Tanzania hulitumia kwa ugonjwa unaohitaji tiba. Kuvunjika moyo kwa wiki moja baada ya kunyimwa kazi si sonona, na sonona haiondoki kwa kuambiwa "jipe moyo".

Nimeacha mwisho jambo dogo la kisarufi ambalo ningependa kila anayesikiliza shida za watu alishike. Tamaa hukatwa ya kitu fulani: ya kupona, ya kuolewa, ya kupandishwa cheo. Kwa hiyo mtu akikuambia "nimekata tamaa" kisha akanyamaza, sentensi yake haijaisha. Muulize kwa upole, "Tamaa ya nini?" Akitaja kazi au ndoa, mnayo ya kuzungumza. Akisema "ya maisha", usimwache peke yake, na mtafutieni msaada wa mtaalamu wa afya siku hiyo hiyo.