Zulia la mkono si kiwanja

Wiki iliyopita Hajati mmoja alikuja dukani kwangu hapa Old Kampala na zulia limeviringishwa ndani ya shuka jeupe. Hakutaka lifuliwe. Alitaka nimwambie limefika bei gani. Alilinunua Dubai miaka tisa iliyopita, na muuzaji alimwapia kwamba kazi ya mkono haishuki thamani. "Fundi, hii ni akiba yangu," akasema. "Wengine wananunua kiwanja, mimi nilinunua hili."

Sijui ni muuzaji gani aliyeanzisha maneno haya, lakini natamani nimkute siku moja anilipie muda wangu.

Nililigeuza. Ukiletewa zulia, geuza kwanza, uso utautazama baadaye. Nyuma palikuwa na kitambaa kilichobandikwa. Nilipobonyeza kwa kidole, unga wa rangi ya kahawia ukamwagika sakafuni. Hiyo ilikuwa gundi ya mpira, imekauka na kusagika. Zulia la namna hii hutengenezwa na mtu aliyeshika bunduki ya nyuzi: anachomeka nyuzi kwenye kitambaa kilichowambwa kwenye fremu, anapaka gundi nyuma ili zisichomoke, kisha anafunika uchafu wote kwa kitambaa kingine. Je, ni kazi ya mkono? Ndiyo, muuzaji hakudanganya. Ila ndani yake hakuna fundo hata moja, na gundi ikifa, zulia nalo limekwisha.

Zulia la mafundo ni kitu kingine. Kila kiuzi kimefungwa kwenye nyuzi mbili za mtande, yaani zile zilizotandwa kwa urefu, mshindio (uzi wa kukatiza) ukapitishwa, safu ikapigwa kwa kitana, safu nyingine ikaanza. Tuseme zulia la mita mbili kwa tatu lina mafundo laki mbili kwa kila mita ya mraba, ambayo ni kazi ya wastani tu. Hayo ni mafundo milioni moja na laki mbili. Mfumi akifunga elfu nane kwa siku, atakaa kwenye kitanda cha mfumi siku 150. Ndiyo sababu ni ghali: unalipia miezi mitano ya maisha ya mtu.

Lakini kulipia kazi si kuweka akiba, na hapa ndipo wateja wangu wanaponichosha. Wanaona kwenye simu kwamba mwaka 2013 zulia moja la Kirman, Iran, liliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 33, basi kila mwenye zulia anaanza kuhesabu. Lile lilifumwa karne ya 17! Yaliyobaki ya aina ile ni machache, na matajiri wanayagombania. La kwako lina ndugu zake elfu wamerundikwa kwenye maduka ya Dubai na Istanbul. Ni kama gomesi, lile gauni la heshima la wanawake wa Uganda, ya hariri uliyoshonesha kwa ajili ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Ilikugharimu sana na inakupendeza, lakini jaribu kuiuza mwezi unaofuata uone utapewa nini. Wageni wa mashirika wanaomaliza mkataba Kampala huuza mazulia mazuri ya mkono kwa bei ya kutupa kwa sababu ndege inawasubiri. Hao ndio wanaonipa faida mimi, si wanaonunua mapya.

Thamani ya kweli ya zulia la mafundo ni kwamba linatibika. Mwezi uliopita nililetewa moja lililoangukiwa na kaa la chetezo siku ya maulidi. Tundu lilikuwa la ukubwa wa sahani ya chai. Nilikata sufu iliyoungua, nikaunga nyuzi za mtande moja moja kwa sindano, nikatafuta sufu ya rangi inayokaribia, nikafunga mafundo upya. Ilinichukua siku sita. Ukipitisha kiganja hulioni. Kaa hilohilo likiangukia zulia la plastiki la mashine, linayeyuka, linaacha kovu jeusi gumu kama kisahani, na hakuna fundi wa kukusaidia. Utaweka meza juu yake.

Mengine ninayoambiwa na wateja yana majibu mafupi.

Matamvua hayathibitishi kitu. Kwenye zulia la mafundo matamvua ni ncha za mtande wenyewe, zinatoka ndani ya mwili wa zulia. Kwenye mengi ya mashine yameshonewa pembeni kama lesi ya pazia. Angalia mshono.

"Likiwa na mafundo mengi ndiyo bora." Si lazima. Sufu mbovu ikifungwa mafundo mengi inabaki sufu mbovu. Isugue kwa kiganja: ikikupa vumbi la nywele kila siku hata baada ya mwaka, umeuziwa sufu iliyokufa.

"Rangi za asili hazichuji." Zinachuja zikiwekwa vibaya, na za kiwandani zikiwekwa vizuri hazichuji. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa maji, bonyeza kwenye nyekundu dakika moja, utapata jibu.

"La mashine ni takataka." Hapana, na mimi mwenyewe sebuleni ninalo. Una watoto wadogo, chai inamwagika, wageni wanaingia na tope la mvua ya Aprili? Nunua la mashine kule Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, lifue, likichakaa litupe bila machozi. Nondo pia hawali plastiki, lakini sufu iliyojificha chini ya kochi wataimaliza hujajua.

Na wewe unayelipa mamilioni kwa zulia halafu unabishania elfu mbili na mama anayeuza mkeka wa ukindu: yule amekata ukindu, ameukausha, ameupaka rangi, amesuka ukili mmojammoja na kuushona. Kazi ya mkono ndiyo hiyo, na humo hamna gundi.

Hajati alirudi na zulia lake. Nilimwambia alitandike chumbani, mbali na mlango, asiliweke kwenye jua na asilikunje tena, maana gundi iliyokauka ikikunjwa inapasuka.