Kiuno, mbavu na mikono: maswali na majibu kwa wapiga makasia waliovuka miaka 50

Nani anaitwa mkongwe katika mchezo huu?

Kwa kanuni za kimataifa, mtu anaweza kushindana upande wa wakongwe kuanzia mwaka anaotimiza miaka 27. Mashua hupangwa kwa wastani wa umri wa waliomo: kundi A huanza na miaka 27, D 50, F 60, H 70. Mbio zao ni za mita 1,000 badala ya 2,000. Ufupi huo huwadanganya wengi, kwa sababu majeraha mengi hayatokei siku ya mashindano. Hutokea mazoezini, polepole, kwa kurudia mwendo uleule. Anayevuta mipigo 20 kwa dakika kwa saa moja ameinama na kunyooka mara 1,200.

Kwa nini kiuno ndicho huumia kuliko sehemu nyingine?

Kwa sababu nguvu yote ya miguu hupita mgongoni kabla ya kufika mikononi. Kasia linapoingia majini, magoti yamekunjwa na kiwiliwili kimeinama mbele. Kuinama huko kunatakiwa kutoke kwenye nyonga. Nyonga zikikaza, au misuli ya nyuma ya mapaja ikiwa mifupi, pingili za kiuno ndizo zinazopinda kufidia upungufu, na hapo ndipo mzigo mkubwa unapoangukia. Uchovu huongeza tatizo: misuli ikichoka mgongo hujikunja zaidi bila mwenyewe kuhisi, hivyo robo ya mwisho ya zoezi ina hatari kuliko ya kwanza.

Umri nao una mchango wake. Diski zilizo kati ya pingili hupoteza maji mwaka hadi mwaka, na kano huchukua muda mrefu zaidi kupona. Kisha kuna saa ya mazoezi. Usiku diski hufyonza maji na kuvimba kidogo, kwa hiyo kuinama kwa nguvu mara tu baada ya kuamka huzibana kuliko baadaye mchana. Wanaoingia majini alfajiri waamke mapema, watembee, halafu wapashe mwili moto dakika 10 hadi 15 kabla ya kuvuta kwa nguvu.

Nikiwa na maumivu ya kiuno, nibadilishe nini?

Anza na mkao. Kaa kwenye mashine ya mazoezi ya kupiga makasia, ile yenye kiti kinachoteleza, nenda mbele hadi mwisho, mwombe mtu akutazame kwa ubavu au akupige picha. Kiuno kikiwa kimejikunja, shusha sehemu ya kuwekea miguu tundu moja au mbili. Miguu ikiwa chini, nyonga hazilazimiki kujikunja sana. Isipotosha, acha kiti kisimame sentimita chache kabla ya ulipozoea. Mpigo mfupi kidogo wenye mgongo imara una kasi kuliko mrefu uliolegea, ingawa makocha wa zamani huenda wakabisha.

Mashine yenyewe inahitaji tahadhari. Vipindi vya zaidi ya dakika 30 bila kusimama vimehusishwa na maumivu ya mgongo. Gawa saa moja kuwa vipindi vinne vya dakika 15, na kila baada ya kipindi simama, nyoosha mwili, tembea dakika mbili au tatu. Wale wanaosukuma kidhibiti cha hewa cha mashine, kinachofanya mvuto uwe mzito au mwepesi, hadi 10 wakidhani ndiyo ushujaa wanajiumiza bure. Kwa wengi, 3 hadi 5 inatosha.

Usisahau kubeba mashua. Mashua ya watu wanane haipungui kilo 96 kwa kanuni za mashindano, sawa na kilo 12 kwa kila mtu, na mara nyingi huinuliwa kutoka majini na watu waliochoka, wameinama na kujipinda. Mwenye kiuno kibovu abebe makasia, na hakuna aibu hapo.

Maumivu ya ubavuni ni misuli tu?

Huenda, lakini ukiendelea kuvuta bila kujua utajutia. Misuli inayoshika bega na ile ya ubavu huvuta mbavu kwa kila mpigo, na mazoezi yakiongezeka ghafla mfupa hupata ufa mdogo. Huanza kama uchungu usioeleweka. Baadaye huuma ukikohoa, ukipiga chafya, ukijigeuza kitandani, na unaweza kuonyesha kwa kidole kimoja mahali panapouma. Picha ya eksirei ya siku za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu, kwa hiyo jibu kwamba "picha ni safi" lisikurudishe majini.

Kwa kawaida makasia huachwa wiki 4 hadi 6. Baiskeli ya mazoezi inaruhusiwa mradi haiumizi. Kurudi kuanze kwa dakika 10 nyepesi, mipigo 18 kwa dakika, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Wanawake waliokoma hedhi, na yeyote aliyetumia vidonge vya steroidi kwa muda mrefu, waulize kuhusu kipimo cha uimara wa mifupa.

Tahadhari moja kubwa: maumivu ya kifua yanayokuja na jasho baridi, kukosa pumzi, au kusambaa mkononi au taya hayasubiri uchunguzi wa mbavu. Acha kuvuta, tafuta huduma ya dharura mara moja.

Mkono unauma na kukwaruza juu ya kifundo. Ni nini?

Ni kano zilizovimba mahali zinapopishana nyuma ya mkono, sentimita chache juu ya kifundo. Chanzo kikubwa ni kukamata mpini kwa ngumi na kulizungusha kasia kwa kukunja kifundo. Mpini ushikwe kwa vidole, na uzungushwe kwa vidole na kidole gumba. Upepo na baridi huongeza kukaza mkono, vilevile mpini ulio mnene kupita kiasi. Pumzika siku kadhaa, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa dakika 10 hadi 15. Ukirudi, anza na mipigo michache.

Malengelenge ni jambo dogo: yaoshe, usiyachune, yafunike.

Je, ninywe dawa ya maumivu kabla ya kuvuta?

Hapana. Maumivu ndiyo yanayokuambia lini uache. Zaidi ya hapo, dawa kama ibuprofen na diclofenac zinaweza kudhuru figo na tumbo, hasa mwili ukikosa maji au ukitumia dawa za shinikizo la damu au za kuzuia kuganda kwa damu. Muulize daktari au mfamasia kwanza. Ukiandikiwa antibayotiki ya kundi la ciprofloxacin na una zaidi ya miaka 60, mwambie daktari kwamba unapiga makasia, kwani huongeza hatari ya kano kukatika.

Ni lini mgongo ni dharura?

Ukipata ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, ukishindwa kukojoa au kujizuia choo, au mguu ukipoteza nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri miadi pia kama una homa, umepungua uzito bila sababu, umewahi kuugua saratani, au maumivu yanakuamsha kila usiku.