Utando mweupe wa bwawa hauondolewi na klorini

Wenye mabwawa ya kuogelea yaliyotandikwa vinili (tandiko la plastiki), aina iliyozoeleka sana Marekani na Kanada, wameambiana kwa miaka mingi: ukiona utando mweupe kwenye usawa wa maji, ongeza klorini. Si kweli. Klorini huua vijidudu na mwani. Utando ule mara nyingi ni chokaa, kama inayoganda ndani ya birika, na chokaa huyeyushwa na asidi. Tena klorini ya unga aina ya kalsiamu hipokloriti huongeza kalsiamu majini, na chembe zake zikitua kwenye vinili huipausha rangi.

Dondoshea siki nyeupe kidogo; ikitoa povu, hiyo ni chokaa. Shusha maji sentimita chache, pakaza siki kwa sponji laini, subiri kidogo, sugua taratibu, suuza. Stilwaya na brashi ya waya zikae mbali kabisa. Wala usimwage maji yote: vinili kuukuu hunywea, ikapasuka bwawa likijazwa upya.

Na hili nalisisitiza: siki au asidi yoyote isichanganywe na klorini, hutoa gesi ya sumu inayochoma mapafu. Mwisho pima pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ikizidi 7.8 ishushe, la sivyo chokaa itajijenga tena.