Je, wajua kwa nini tovuti mpya ya chama hulikataa neno lako la siri la zamani?

Shangazi yangu alishuka kutoka Kibosho na daladala ya asubuhi, akanikuta karibu na stendi ya Moshi, simu mkononi. "Mwanangu, chama kimenifukuza," alisema kabla sijamaliza kumwamkia. Kilichomtisha ni maneno machache kwenye skrini: neno la siri si sahihi. Neno hilo alikuwa amelitumia miaka minne kuangalia akiba yake na salio la mkopo katika SACCOS, na halijawahi kumsumbua. Wiki ile chama kilikuwa kimezindua tovuti mpya. Wenzake wawili wa kikundi nao walikuwa wamegonga mwamba.

Hakufukuzwa. La kushangaza zaidi, na nilimweleza hivyo tukiwa bado tumesimama pale, ni kwamba chama hakikuwahi kulijua neno lake la siri.

Tovuti iliyotengenezwa vizuri hailitunzi neno lenyewe. Unapojisajili, hulipitisha kwenye hesabu fulani, kisha hutunza matokeo tu. Fikiria kinu cha kusagia kahawa. Unamimina buni zilizokaangwa juu, unga unatoka chini, na hakuna fundi awezaye kuurudisha unga ule uwe buni tena. Ila kinu cha hesabu kina sifa ambayo cha kahawa hakina: neno lile lile hutoa unga ule ule kila mara, bila kupungua chembe, na ukibadili herufi moja tu unga wote unakuwa mwingine. Kwa hiyo kila unapoingia, tovuti husaga ulichoandika na kulinganisha unga na unga. Ukifanana, mlango unafunguka. Mwizi akivunja na kubeba daftari zima, anaondoka na unga.

Sasa, vinu vimepishana ubora. Tovuti nyingi za zamani zilitumia kinu kiitwacho MD5, kilichotolewa na Ronald Rivest mwaka 1992. Uingize neno fupi au kitabu kizima, kinakupa alama 32 basi. Kasoro yake ni kasi. Mwizi hawezi kuugeuza unga, lakini anaweza kukaa na kusaga mamilioni ya maneno ya kukisia, majina ya watoto, miaka ya kuzaliwa, majina ya vijiji, mpaka apate unga unaofanana na ule alioiba. Ndiyo maana mwaka 1999 Niels Provos na David Mazières walileta bcrypt, kinu kinachokwenda polepole kwa makusudi. Na mapema zaidi, mwaka 1979, Robert Morris na Ken Thompson walieleza namna ya kuchanganya neno na alama za kubahatisha kabla ya kulisaga, ili watu wawili waliochagua neno moja wasitoe unga mmoja. Mafundi huziita alama hizo chumvi.

Basi tovuti mpya ikija na kinu kipya, unga wa zamani haulingani na chochote. Shangazi anaandika neno sahihi kabisa, linasagwa kwa kinu kipya, linatoa unga mwingine, mlango unagoma.

Je, ni lazima iwe hivyo? Hapa natofautiana na mafundi wenzangu wengi. Mara nyingi si lazima. Unaweza kukiacha kinu cha zamani kando ya kipya kwa miezi kadhaa. Mwanachama akiingia mara ya kwanza, neno lake linapimwa kwa kinu cha zamani. Likikubalika, linasagwa papo hapo kwa kinu kipya, na unga wa zamani unafutwa. Yeye hahisi kitu. Kama daftari la zamani liliwahi kuibwa, hapo sawa, kila mtu abadilishe. Lakini mara nyingine kinachokwamisha ni mkataba: chama hakikuandika kwamba taarifa za wanachama ni mali yake, na fundi wa kwanza akaondoka nazo. Mzee aliyepanda daladala kwa sababu hiyo ameonewa, nami siwezi kuliita jambo dogo.

Tulibonyeza sehemu ya "Umesahau neno la siri?" Ujumbe wenye namba ya kuthibitisha haukuja. Tukabonyeza tena. Kimya.

Tatizo hili liko kwenye daftari la wanachama. Moshi inayajua madaftari ya namna hii tangu zamani: wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walijiunga katika chama chao mwaka 1925, na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ikaandikishwa mwaka 1933. Kila daftari linapohamishwa, kutoka karatasi kwenda kompyuta, kutoka kompyuta kwenda tovuti, makosa yake huhama nalo. Massawe mmoja ameandikwa kwa s mbili kwenye kitabu na kwa s moja kwenye kitambulisho. Akina Mushi wenye jina moja la ubatizo wamejaa ukurasa mzima. Na namba za simu ndizo hatari kuliko yote, kwa sababu laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huweza kuifunga na kumuuzia mtu mwingine. Ukiitegemea namba hiyo peke yake, unampelekea mgeni ufunguo wa akiba ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mwanachama haki ya kutaka taarifa zake zirekebishwe. Chama makini hulisafisha daftari kabla hakijachagua hata rangi ya tovuti.

Shangazi alijaribu kutafuta mahali pa kubadilisha namba, akapotea. Menyu ilikuwa imepangwa kama milango ya ofisi: Utawala, Mikopo, Uendeshaji. Yeye alikuwa anatafuta "akiba yangu". Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwaketisha watu watano tu na kuwatazama wakitumia tovuti, utaona sehemu kubwa ya matatizo yake. Watano wanapatikana kwenye benchi la tawi lolote siku ya marejesho.

Tukaenda ofisini. Dada wa dirishani alimwamkia, akaangalia kompyuta. "Mama, namba iliyopo hapa inaishia na sita sita. Ni yako?"

Ilikuwa ya mjomba, mume wake, tuliyemzika miaka miwili iliyopita. Yule dada akaipiga. Ikapokelewa na kijana asiyemfahamu yeyote kati yetu.

Shangazi akatoa kadi ya chama na kitambulisho cha NIDA, zikahakikiwa tarakimu zote 20, akajaza fomu ya kubadili namba. Kabla hatujatoka simu yake ikalia. Akavaa miwani, akaanza kusoma namba ya kuthibitisha kwa sauti, moja moja, na yule dada akainua mkono kumzuia.

"Usinitajie hata mimi, mama. Iandike tu."