Mawasiliano kwa wote: maana yake kwa mtu wa Liwale au Nanyumbu, kusini mwa Tanzania

Mawasiliano kwa wote ni sera inayoitaka nchi ifikishe simu na intaneti kwa kila mwananchi, hata anayeishi mahali ambapo kampuni za simu hazioni faida. Tanzania iliitungia sheria mwaka 2006, iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF.

Bila sheria ingekuwaje? Mnara wa Liwale haujengwi kwa bei nafuu kuliko wa Mtwara mjini. Mara nyingi ni ghali zaidi: vifaa hupita barabara za udongo zinazoharibika masika, na pasipo na umeme wa gridi panahitajika sola au jenereta la dizeli. Kinachopungua ni wateja. Vijiji vimeachana, na fedha huonekana zaidi msimu wa korosho au ufuta. Mwekezaji akipiga hesabu zake, anahamia kwingine.

Hapo ndipo Mfuko unapoingia. Kampuni za mawasiliano huchangia sehemu ya mapato yao, kwa hiyo vocha inayokwanguliwa mjini inasaidia kijiji kisicho na mtandao. Mfuko hutangaza zabuni kwa kata zenye uhitaji, kampuni zikashindana kuomba ruzuku. Ruzuku hubeba sehemu ya gharama za ujenzi. Kuuendesha mnara ni kazi ya kampuni. Mwaka 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 nchi nzima kwa utaratibu huo. Naona ni mpango wa haki, na Kusini tunauhitaji sana.

Ila mnara ukisimama, kazi bado. Wa 2G unatosha kupiga simu, kutuma meseji na kupokea hela kwenye kitochi. Mkulima wa Newala anaweza kumuuliza katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, bei ya mnada bila kupanda bodaboda. Mwanafunzi wa Tandahimba anayetafuta masomo mtandaoni anahitaji 3G au 4G, simu janja, mahali pa kuchaji na bando, na ruzuku ya mnara hainunui simu wala bando.

Kwa hiyo, kuhesabu minara peke yake hakutoshi. Kipimo changu ni mama wa Nanyumbu mwezi Machi, hela ya korosho imekwisha na mtoto ana homa usiku: simu yake ina chaji, na anamudu salio la kumpigia mhudumu wa zahanati?