Kuandika 300 hakuongezi ubora wa picha

Wengi wanaoanza kutengeneza mabango hapa Nairobi wameaminishwa hivi: wachapishaji wa River Road wakikwambia picha yako haina ubora, fungua programu, badilisha namba ya DPI kutoka 72 iwe 300, basi mambo yatakuwa sawa. Si kweli, na imani hiyo inawapotezea watu pesa za karatasi na wino.

Namba hiyo inasema tu ni pikseli ngapi (vitone vidogo vya rangi vinavyounda picha) zitapangwa kwenye inchi moja ya karatasi. Pikseli zenyewe ni zile zile. Chukua picha ya mraba, pikseli 1080 kwa 1080. Ukiichapisha kwa 300 itatoka safi, ila upana wake ni sentimita 9 na kidogo. Ukiilazimisha ijaze A4, programu inabuni pikseli ambazo hazikuwepo, na kingo za herufi zinaanza kuwa na ukungu.

A4 nzima kwa 300 inataka pikseli 2480 kwa 3508, na ukubwa huo uuweke kabla hujachora chochote. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, unauandika pale unapoanzisha faili jipya. Bango la kutazamwa kutoka ng'ambo ya barabara halihitaji 300. Hata 100 inatosha.

Nembo ni habari nyingine. Ichore kwa Inkscape, programu ya bure: inahifadhi umbo kwa hesabu za mistari badala ya pikseli, kwa hiyo utaikuza upendavyo bila kuharibika. Na tafadhali, ukimtumia mchapishaji kazi yako kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ikienda kama picha ya kawaida, inabanwa na kupoteza ubora njiani.